Tezo la Mwalimu

Kila mwaka wanafunzi wengi wa shule za upili hapa nchini huandika insha juu ya methali "Ukiona vyaelea, vyaundwa." Nimezisoma insha za namna hiyo kwa muda mrefu, na aghalabu kisa huwa kimoja. Mvulana maskini anasoma kwa mwanga wa koroboi, anafaulu mtihani, anapanda ndege kwenda ng'ambo, kisha anarejea na gari jeusi huku majirani wakishika vinywa. Mwalimu anatia alama na daftari linafungwa. Ajabu ni kwamba katika insha hizo chombo chenyewe hakionekani. Hamna bahari, hamna mbao, wala fundi hatajwi.

Hebu tuitazame sentensi hiyo kwa jicho la sarufi. Kiambishi cha mwanzo katika "vyaelea" kinasimama badala ya nomino isiyotajwa, nayo ni vyombo, yaani majahazi, mashua na madau. Ile "a" inayofuata ni alama ya hali isiyodhihirika, ambayo Wapwani wangali wanaitumia katika mazungumzo ya kila siku ilhali watu wengi wa bara wameiachia methali na vitabu. Msomaji atambue kuwa wahenga hawakusema "viliundwa", kana kwamba kazi ilifanyika zamani ikaisha. Walisema "vyaundwa". Kwao kuunda lilikuwa jambo la siku zote, na lilikuwa likiendelea palepale ufukweni, mbele ya macho ya aliyekuwa akiambiwa.

Kitenzi chenyewe kina ukoo mkubwa. Kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939 inakihusisha kitenzi "unda" hasa na ufundi wa vyombo vya baharini. Waswahili walikuwa na tabia ya kuipa kila kazi kitenzi chake: nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, mkeka husukwa, chuma hufuliwa, na chombo huundwa. Leo tunaunda kamati, tunaunda serikali, tunaunda nafasi za kazi, na sisi wanaisimu tunazungumzia muundo wa sentensi. Hata viunzi wanavyoviruka wanariadha wetu ni watoto wa kitenzi hicho. Lugha nzima imekopa kutoka kwa fundi wa pwani, na wakopaji wengi hawamjui aliyewakopesha.

Nayaeleza haya kwa sababu maneno huondoka pamoja na kazi zake. Mwongozo mmoja wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, uitwao Periplus, unaitaja bandari ya Rhapta katika pwani hii ya Afrika Mashariki, na kueleza kuwa jina hilo lilitokana na mashua za kushonwa. Naam, vyombo vya kwetu vilishonwa kabla ya kupigiliwa misumari. Mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kuvuta tanga la mkeka. Ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukatoweka. Leo mtepe tunauona kwa mifano midogo katika makavazi. Mtoto anaweza kuutazama mfano huo na kulisoma jina lake, lakini hataisikia amri ya fundi kwa mshonaji wake wala tusi la utani walilotupiana mshono ulipokwenda upande. Hayo yalikufa na kazi.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kuwa ufundi wenyewe umekufa. Kijiji cha Matondoni katika kisiwa cha Lamu kingali na sifa ya kuunda vyombo vya mbao. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini chombo cha mita 9 kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya, ubavu wake ukiwa umefunikwa kwa vipande vya kandambili kuukuu. Mapema mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Malighafi ilikuwa taka ya juzi, ufundi ulikuwa wa mababu. Lakini boti za faiba nazo zimeongezeka, mbao nzuri hazipatikani kwa urahisi, na si kila mwana wa fundi anayetaka kurithi tezo la babake.

Hapo ndipo ninapomleta mwalimu mmoja ninayemfahamu tangu tulipokuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Yeye si fundi kwa kazi. Anafundisha hisabati katika shule ya upili huko Kilifi, na alizaliwa bara, mbali na maji ya chumvi. Alipelekwa pwani kwa kazi, akaoa mwanamke wa Lamu, na kila alipokwenda kuwaamkia wakwe alikuwa akiponyoka kwenda kukaa penye kivuli cha mafundi. Wengine huenda pwani wakarudi na halua. Yeye alirudi na maradhi ya kutaka kuunda dau.

Dau hilo lipo uani mwake hivi sasa, urefu wake pima tatu, yaani takriban mita tano na nusu. Alilianza kwa namna ya mwalimu wa hisabati, kwa karatasi za grafu na penseli iliyochongwa vizuri. Fundi mmoja mzee alizitazama karatasi zile, akamuuliza kwa upole kama ataelea juu yake au juu ya mbao. Mafundi wa jadi hawachori. Hupima kwa shibiri na dhiraa, na mengine huyaachia jicho. Mwalimu yule aliikunja michoro yake, akaulaza mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa chombo, akasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, kisha akaanza kupandisha mbao moja baada ya nyingine.

Ni katika mbao ndipo shida ilipoanza. Ubao wa dau haunyooki. Lazima ujipinde na kukaa juu ya mwenzake bila kuacha nafasi. Pamba iliyolowekwa mafuta hutumiwa kukalafati nyufa ndogo, lakini hakuna pamba ya kuziba kosa la shibiri nzima. Kazi ya kuusawazisha ubao hadi ukae hufanywa kwa tezo. Fundi husimama juu ya ubao na kuchonga akielekea kwake mwenyewe, karibu na miguu yake, kwa hiyo tezo lisilomfaa ni hatari kwake na kwa ubao. Mwalimu yule alikuwa na tezo alilonunua katika duka la vifaa vya ujenzi. Makali yake yalijikunja kila yalipokuta fundo la mti, na mpini ulikuwa mfupi mno kwa mtu wa kimo chake, hata mgongo ukawa unamuuma hadi darasani. Ubao mmoja uliharibika mara tatu. Mara ya nne ukakaa. Uliofuata ukapasuka kabisa.

Jirani zake hawakukosa la kusema. Wapo waliomwita nahodha wa nchi kavu. Mmoja alimuuliza kama atalipeleka dau hilo Kitui kwa barabara. Mzaha wa majirani huvumilika. Zito lilikuwa la nyumbani. Fedha za mabati ya paa la jikoni zilikuwa zimegeuka mbao, na mbao nyingine zilikuwa zimegeuka kuni. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa chekechea, alikuwa na haki ya kulalamika, na aliniambia mwenyewe kuwa kuna siku alilalamika sana. Baada ya ubao ule kupasuka mumewe alilifunika dau kwa turubai, akarudi kusahihisha madaftari. Majuma sita yalipita bila turubai kufunuliwa.

Sasa sikiliza alichokifanya mke. Usiku mmoja, mumewe akiwa usingizini, alichomoa uzi katika pindo la leso yake, akaulaza kutoka kwenye kiwiko cha mumewe hadi kwenye ncha ya kidole cha kati, akafunga fundo. Hiyo ndiyo dhiraa ya mtu. Babu yake mzaa baba alikuwa fundi wa vyombo, na yeye alikulia penye vumbi la mbao. Alijua kuwa kwao mpini wa tezo hukatwa kwa kuufuata mkono wa mwenyewe. Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti aliaga kuwa anakwenda kuwatazama wazee. Alipanda basi hadi Mokowe, akavuka kwa boti hadi Lamu, kisha akashika njia ya Matondoni kwa ami yake.

Chuma cha tezo la babu kilikuwa kwa ami huyo, kimefungwa gunia, mpini wake umeliwa na mchwa. Katika nyumba ile chombo cha kazi hurithiwa na wanaume, na hakuna mwanamke aliyewahi kukiomba. Aliubusu mkono wa mzee, akaketi, akaeleza haja yake. Ami alinyamaza kwa muda, kisha akauliza:

"Huyo mumeo wa bara, aunda kweli au achonga vinyago?"

"Aunda, ami," alijibu. "Ubao mmoja ameuharibu mara tatu, na mara ya nne umekaa."

"Na baada ya huo?"

"Ukapasuka mwingine, naye akafunika."

Mzee hakuuliza tena. Aliunyosha uzi ule juu ya mkono wake mwenyewe ili apate kuujua mkono wa mtu ambaye hakuwa hapo, akatoka kwenda kutafuta mti. Siku ya pili mpini ulikuwa tayari, na chuma kimenolewa. Hakudai chochote ila kwamba chuma kile kisirudishwe guniani.

Nilikuwa nyumbani kwao siku chache baada ya mke kurejea, na nililiona tezo hilo. Chuma ni cheusi, chembamba kwa sababu ya miaka mingi ya kunolewa. Mwalimu alinisimulia kuwa mkewe alilitoa katika mkoba pasipo sherehe yoyote, akasema, "Mwalimu, huu mzigo wako kutoka kwa ami." Hakushukuru papo hapo. Alilishika, akalipima uzito, akatoka nalo uani, akafunua turubai na kuchonga chelezo cha ubao mmoja. Ndipo aliporudi na kuuliza, "Nani aliyempa ami kipimo changu?" Mkewe akamjibu, "Ulikuwa umelala."

Nilikuwa na daftari langu kama kawaida ya watu wa kazi yangu. Mengi niliyoyaandika jioni hiyo yalitoka kwa mke. Alieleza namna matawi yaliyojipinda yenyewe yanavyochaguliwa yawe mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa kuwa tawi lililopindwa na Mungu hushinda lililopindwa na msumeno. Alieleza keekee, ile zana ya kutobolea mbao, na sehemu zake: uta unaovutwa mbele na nyuma, msukano unaozunguka, na kishikio cha juu kiitwacho jivu. Alieleza deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa sehemu ya chombo inayokaa majini. Mumewe alisikiliza kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Kwa miaka mingi alikuwa akienda Matondoni kuyatafuta maarifa ambayo sehemu yake ilikuwa ikimpikia chai.

Sasa nirudi kwenye lugha, kwa maana hapa ndipo kisa hiki kinapotugusa sisi walimu. Kiswahili kina maneno mengi ya vitu vipewavyo kwa hisani: zawadi, tunu, hidaya, hiba, tuzo. Mawili kati ya hayo yastahili kutenganishwa. Tuzo limetokana na kitenzi "tuza". Hutuzwa aliyetenda jambo likaonekana: aliyeshinda mbio, aliyeongoza mtihani, aliyeimba vizuri. Zawadi lina historia nyingine. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kumwandalia msafiri masurufu, yaani chakula na mahitaji ya njiani. Kwa hiyo tuzo ni la aliyefika. Zawadi, kwa asili ya neno, ni ya aliye safarini.

Tezo lile lilikuwa zawadi kwa maana hiyo ya kale. Lilifika wakati dau lilipokuwa chini ya turubai na mwenyewe amekata tamaa. Lau mke angengoja hadi siku ya kushusha chombo majini, akanunua saa ya mkononi na keki, watu wangepiga vigelegele na picha zingepigwa. Lakini huenda siku hiyo isingekuwapo.

Tazama tunavyofanya shuleni. Siku ya kutoa zawadi, kama tunavyoiita, kwa hakika ni siku ya tuzo. Aliyekuwa wa kwanza mwaka jana anapewa kamusi ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza, na aliye wa thelathini na nane anapiga makofi. Sipingi tuzo; anayefanya vyema asifiwe, na wivu usitufanye tuwanyime washindi haki yao. Ninachosema ni kwamba tuzo hutolewa kwa vinavyoelea. Wanafunzi wetu wengi bado wamo katika kuundwa, na wengine wamekwisha kujifunika turubai mbele ya macho yetu.

Yamkini mwalimu mwenzangu atauliza: je, tuwape zawadi wavivu? Jibu lilikwisha kutolewa na yule mzee wa Matondoni. Hakuuliza kama dau limekwisha, wala kama ni zuri, wala mumewe mtu ni wa kabila gani. Aliuliza, "Aunda kweli?" Na alipotajiwa ubao ulioharibiwa mara tatu hakuuona kuwa aibu, alijua kuwa asiyeunda haharibu ubao. Mwanafunzi aliyeandika insha moja mara nne, na ya nne ikawa mbaya bado kuliko ya mwenzake aliyeandika mara moja, huyo anaunda. Mtoro asiyegusa kalamu ni habari nyingine, na anahitaji maneno ya namna nyingine.

Jambo la pili tunalojifunza kwa mke huyu ni kipimo. Hakumpa mumewe tezo lolote. Alikuwa ameitazama kazi kwa muda mrefu, hata siku zile alizokuwa akiilalamikia, akajua ni chombo gani kinachokosekana, kisha akaupima mkono. Zawadi nyingi hushindwa hapo. Mzazi humnunulia mwanawe vitabu kumi vya marudio ilhali mtoto haoni ubao vizuri na anahitaji miwani. Mwalimu humpa diwani ya mashairi mwanafunzi ambaye bado anahangaika na mizani, ilhali robo saa ya kuhesabu silabi pamoja naye ingemfaa zaidi. Vitabu vile na diwani ile si vitu vibaya. Havikukatwa kwa dhiraa ya mwenye mkono.

La tatu ni kwamba zawadi kubwa inaweza kuwa tayari nyumbani, imefungwa gunia. Mtaala wetu wa sasa unasisitiza umilisi na kuwataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda na kwa kuihusisha jamii. Basi mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi wake kwa nyanya na babu, kwa mhunzi, msusi, mfinyanzi na mvuvi, wakaulize majina ya zana na vitenzi vya kila kazi. Si lazima wawe pwani. Mwanafunzi wa Kakamega atarudi na maneno ya mfinyanzi, wa Kisumu na ya mvuvi wa ziwani, na hata yakiwa ya lugha ya mama yatamfunza namna lugha inavyoshikamana na mikono ya watu. Akishayakusanya ayaandike vizuri na kumsomea mzee aliyempa. Hiyo nayo itakuwa zawadi ya kurudisha.

Na nyinyi wanafunzi, mtakapokutana tena na methali yetu katika mtihani, msikimbilie gari jeusi. Mwonyesheni msahihishaji mkuku, mataruma na ubao uliopasuka. Mwonyesheni pia aliyekuwa kando ya fundi, kwa maana ni nadra mtu kuunda chombo peke yake.

Dau la rafiki yangu halijaelea. Niliposikia habari zake mara ya mwisho lilikuwa na mbao tano upande mmoja na nne upande wa pili, na jikoni bado hakuna mabati mapya. Mkewe ameniambia kuwa mabati yatangoja hadi Desemba, lakini hayatapita hapo, na kwamba mwalimu amekubali.